Maulizo 43, violezo sita
Nilikuwa na faili 43 za maulizo ya SPARQL (lugha ya kuulizia data) kwa grafu yetu ya maarifa, yaani hifadhi ya data iliyounganishwa kama mtandao, karibu zote pacha: kilichobadilika ni jina la mwandishi tu. Juzi nimezipunguza zikawa violezo sita, yaani maulizo yenye nafasi wazi za kujazwa.

Mwanzoni nilibandika jina moja kwa moja ndani ya ulizo, hadi likaja moja lenye alama ya nukuu katikati. Ulizo likakatika hapohapo. (Mwenye nia mbaya angeiba data kwa mlango huohuo.) Sasa kila kigezo, yaani nafasi wazi kwenye kiolezo, kinatangaza aina yake: IRI (kitambulisho cha kipekee cha kitu), maandishi au tarehe. Programu huikagua thamani, kisha huiweka ndani ya VALUES, sehemu ya ulizo inayoorodhesha thamani, iliyokuja na SPARQL 1.1 mwaka 2013. Thamani ziwe moja au hamsini, kiolezo ni kilekile.

Majina ya violezo ndiyo yananishinda. Kimoja bado kinaitwa "kazi_za_mtu_mpya2".