Nilivyowavuta wapasuaji wa Bukavu kwa wagonjwa wazee

Kila niliyemuuliza namna ya kuwavuta wapasuaji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wawajali wagonjwa wazee alinipa ushauri uleule: ita semina, lipa nauli na chakula, waeleze madaktari umuhimu wa kutunza wazee. Ushauri huo haufai. Mpasuaji anasikiliza kwa heshima, anarudi kwenye bloku (chumba cha upasuaji), na mzee wa mtaa wa Kadutu aliyevunjika nyonga kwa kuteleza mtelemkoni anaendelea kulala chali na sonda, yaani mpira wa mkojo.

Mpasuaji anavutwa kwa upasuaji wake mwenyewe. Ndivyo American Geriatrics Society, chama cha madaktari wa wazee, walivyofanya Marekani tangu miaka ya 1990, kwa fedha za John A. Hartford Foundation: waliwapelekea wapasuaji elimu ya uzee ndani ya fani zao. Kwetu, ambako daktari wa wazee ni nadra, sioni njia nyingine.

Nilianzia kwenye daftari la matatizo ya baada ya upasuaji. Palikuwa na safu ya usaha na safu ya kutoka damu. Niliongeza ya tatu: akili kuvurugika ghafla. Safu hiyo ndiyo iliyogeuza mazungumzo. Daktari asiyeshtuliwa na neno uzee hawezi kuruka tatizo linalosomwa kwenye kikao cha asubuhi pembeni ya upasuaji alioufanya yeye. Wakaanza kuniuliza wenyewe: "Dokta, huyu mzee wangu ana nini?"

Hapo ndipo pa kufundishia, kitandani, kwa dakika chache. Mwombe mzee ataje siku za juma kwa kurudi nyuma, katika lugha anayoota nayo. Kwa wengi ni Kimashi, na Kifaransa kitakupa jibu la uongo. Usimpime akili kwa kumchoresha uso wa saa kama hakusoma. Akipoteza mfuatano, waulize walinzi wake, yaani ndugu wanaomuuguza: jana alikuwa hivi? Hali inapanda na kushuka? Anayepiga kelele anaonekana na kila mtu. Anayepotea ni yule aliyelala kimya, ambaye wauguzi wanasema ametulia.

Zamu ya usiku ilikuwa ikimpa anayepiga kelele dawa za kumlaza, diazepamu au prometazini. Diazepamu hukaa siku kadhaa katika mwili wa mzee: hanywi, hakohoi, mapafu yanaoza na mgongo unatoka vidonda. Tafuta kwanza maumivu, mkojo uliozuiwa, kiu, homa. Parasetamoli kwa saa maalumu, gramu 1 kila saa 8 (punguza kwa aliyekonda), hutuliza wengi waliodhaniwa wamerukwa na akili.

Daktari wa ganzi alitaka ushahidi kwamba hali hii inazuilika, na ni haki yake. Nilimpa utafiti wa 1999 wa Sharon Inouye, daktari wa wazee wa Marekani: wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi, wa wodi ya magonjwa ya ndani. Kwa kuwatembeza, kuwanywesha, kuwaachia usingizi na kuwavalisha miwani, waliovurugika walikuwa asilimia 9.9 badala ya 15. Hakuna mashine humo.

Kwa upasuaji uliopangwa, tunapima mwendo: kiti chenye mikono, plasta sakafuni mita 3 mbele, simu ya kuhesabu. Asimame, aende, ageuke, arudi, akae, kwa viatu na fimbo yake. Zaidi ya sekunde 12, mpasuaji aambiwe kabla hajapanga siku. Kigoda cha plastiki kinaharibu kipimo, na muuguzi anayemshika mkono vilevile. Gharama ni plasta na fotokopi chache.

Jambo walilokubali haraka kuliko yote ni kumweka mzee awe wa kwanza kwenye orodha ya upasuaji ya siku. Akifungishwa kula na kunywa tangu jioni na bloku ikachelewa hadi mchana, anaingia amekauka. Maji safi anaruhusiwa hadi saa 2 kabla ya ganzi, isipokuwa daktari wa ganzi akikataza. Sonda itoke asubuhi inayofuata, na meno ya bandia yarudi kinywani kabla uji haujaletwa. Mlinzi ndiye ayatunze, kwa sababu yakiachwa bloku yanapotea.