Nguvu ya teke iko kwenye mguu unaobaki chini

Kila mtu mpya anayekuja mazoezini huku Moshi anataka teke zito siku ya kwanza, anarusha mguu kwa nguvu zake zote, begi la kupigia linatikisika kidogo tu halafu yeye ndo anayumba, basi anaamua shida ni mapaja hayana nguvu, kesho yake yuko gym anabeba vyuma. Aisee hapana. Mimi mtu akipiga teke siangalii mguu unaopiga, naangalia ule uliobaki chini.

Chukua mawashi geri, lile teke la karate la kuzungusha kutoka pembeni, maana ndo wengi wanalipenda. Kisigino cha mguu wa kusimamia kinatakiwa kizunguke mpaka kielekee kule unakopiga au karibu na hapo. Kisipozunguka nyonga inagoma kufunguka, unabaki unapiga na mguu kuanzia goti kushuka chini, mwili mzima umebaki nyuma. Na kibaya zaidi, ule mzunguko uliokataliwa na unyayo unahamia kwenye goti, na goti ni bawaba jamani, kazi yake kukunja na kukunjua. Sisi wa sakafu ya simenti tuwe makini hapa, raba zenye soli ya kung'ang'ania zinaumiza watu magoti, bora ufagie sakafu vizuri upige peku, nyanyua kisigino kidogo uzungukie ile sehemu ya mbele ya unyayo.

Halafu goti ndo linatangulia. Linapanda likiwa limekunjwa, kisigino karibu na tako, nyonga inageuka, ndipo mguu unafunguka, na ukishagonga unakunja tena kabla hujaushusha. Mguu uliokunjwa unazunguka upesi kuliko ulionyooka, na spidi ndo kila kitu: nishati ya mwendo inapanda kwa spidi mara spidi, yaani spidi ikiwa mara 2 nishati inakuwa mara 4, wakati uzito ukiwa mara 2 nishati nayo ni mara 2 tu. Ndo maana chalii mwembamba wa taekwondo anaweza kukupiga teke ukakosa pumzi. Wa Muay Thai, ule mchezo wa ngumi na mateke wa Thailand, wao hawakunji sana, wanaachia mguu mzima na kugonga na ugoko, lakini angalia chini, wao pia kisigino kinazunguka.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni la polepole. Shika ukuta au nguzo, panda goti, tulia, geuza kisigino, fungua mguu, tulia tena, kunja, shusha. Linachosha kweli na halina sifa yoyote kwa watazamaji, ila linajenga misuli ya nyonga inayoubeba mguu, na ukikosea unajiona palepale. Spidi ije baadaye.

Kuhusu kunyoosha viungo, kabla ya mazoezi pasha mwili kwanza, ruka kamba, bembeza miguu mbele na pembeni, zile za kukaa chini na kuvuta mapaja muda mrefu weka mwisho mwili ukiwa wa moto. Wa Arusha mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi ile baridi mnaijua, pasheni muda mrefu zaidi, msasamba wa baridi unachana misuli ya kinena na hiyo inachelewa sana kupona.

Begi la kujitengenezea usijaze mchanga mtupu, unashuka wote chini unakuwa mgumu kama umejengewa, ni hatari kwa vifundo na magoko ya mtu anayeanza. Omba vipande kwa mafundi cherehani au tafuta nguo zilizochakaa pale Memorial, soko la mitumba la hapa Moshi, shindilia vizuri mpaka juu.

Na mwambie mwenzako akurekodi kwa simu, aelekeze kamera kwenye mguu wa chini tu. Ukiona kisigino hakijageuka usipandishe teke kichwani, lishushe usawa wa paja, rudia hapohapo mpaka kigeuke chenyewe bila kukifikiria.