Cordova: mji unaotawaliwa na samoni

Cordova haina barabara ya kuiunganisha na sehemu nyingine za Alaska, jimbo la kaskazini kabisa la Marekani. Unakwenda kwa ndege, au unapakia gari kwenye feri pale Whittier, na kufika Whittier kwenyewe ni kupita handaki la kilomita 4 lenye njia moja, ambamo magari na treni hupishana kwa zamu. Nilitoka Anchorage, ninakoishi, mwishoni mwa Mei, mvua ikinyesha kama kawaida ya huko. Kwenye feri wengi walilala. Aliyekuwa macho ni mzee mmoja mvuvi, anarudi kwake na injini ya boti nyuma ya pikapu. Aliniambia kwamba majira ya baridi ya 2019 jimbo lilibana bajeti, feri ikaacha kwenda Cordova kwa miezi. Vyakula madukani vikawa vinategemea ndege na majahazi ya mizigo. Alilisimulia hilo bila hasira, kama anayeeleza hali ya hewa.

Nikamuuliza mji wa baridi hivi umepataje jina la Kihispania. "Tulilikuta," akacheka.

Mwaka 1790 nahodha Salvador Fidalgo alitumwa na Wahispania kuja kuangalia Warusi wamejitanua mpaka wapi kwenye pwani hii. Kila alipopita aliacha jina. Ghuba hii akaiita Puerto Córdova, kumpa heshima amiri Luis de Córdova, ambaye hakuwahi kukanyaga huku. Wahispania wakaondoka, jina likabaki kwenye ramani. Mwaka 1906 Michael Heney, mjenzi wa reli, akaliokota na kuupa mji aliouanzisha uwe bandari ya kusafirishia shaba ya migodi ya Kennecott. Reli ilikamilika 1911. Migodi ilipofungwa 1938, reli nayo ikafa, na mji uliozaliwa kwa ajili ya shaba ukabaki na samaki, hasa samoni.

Waeyak, wenyeji wa asili wa hapa, walikuwa wakivua mdomoni mwa mto Copper zamani sana kabla ya Fidalgo. Leo Eyak ni ziwa na mto nje kidogo ya mji, na pia serikali ya kabila yenye ofisi zake hapo hapo mjini. Msemaji wa mwisho aliyelelewa kwa lugha yao, Marie Smith Jones, alifariki Anchorage Januari 2008. Amiri ambaye hakufika ana mji mzima. Mimi hilo lilinikera, na bado linanikera.

Bandari ndiyo katikati ya kila kitu. Boti zinazovua mto Copper ni ndogo, nyingi huendeshwa na mtu mmoja, na roli ya kukunjia jarife iko mbele badala ya nyuma, ili chombo kiweze kusogea kwenye maji haba ya fungu bila wavu kunasa kwenye rafadha. Nilisimama muda mrefu nikimtazama kijana akishona jarife lake. Sindano ya plastiki, uzi wa kijani, anahesabu macho ya wavu kwa midomo. Juu maboya meupe, chini kamba yenye madini ya risasi ndani yake. Sili, mnyama wa baharini, ndiye aliyetoboa, alisema. Sili anajua kula tumbo la samaki na kumwachia mvuvi kichwa.

Nikamuuliza anatoka lini. Akaonyesha simu. Huko mvuvi hachagui siku. Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Alaska hutangaza ufunguzi, yaani muda wa kuruhusiwa kuvua, mara nyingi unaodumu saa 12, na wakati wa kufunga ukifika unavuta wavu hata kama samaki wanarukaruka mbele yako. Juu mtoni, kwenye ziwa Miles, kuna sona, kifaa cha kutambua vitu majini kwa mawimbi ya sauti, inayohesabu samoni waliopita kwenda kuzaa. Hesabu ikiwa ndogo, ufunguzi unaahirishwa na mji mzima unanuna. Na si kila mwenye boti anaruhusiwa: tangu sheria ya 1973 idadi ya vibali ina kikomo, kwa hiyo kibali hurithiwa au hununuliwa kutoka kwa anayestaafu, kwa bei ya kumfanya kijana aanze maisha na deni.

Samoni wa kwanza, katikati ya Mei, hupelekwa Seattle kwa ndege na kupokelewa kwa zulia jekundu. Mbwembwe za biashara, ndiyo. Lakini samaki huyu anapanda mto wa karibu kilomita 470 wenye maji makali bila kula, kwa hiyo anaingia mtoni na akiba ya mafuta ya kutosha. Nilikula kipande kilichochomwa kwa chumvi tu na sikutaka pilipili, jambo ambalo nyumbani hawataliamini.

Ila mji huu umeonja mabaya pia. Tetemeko la 1964 liliinua ardhi karibu mita 2, mafungu waliyoishi chaza yakabaki juu ya maji na biashara yake ikaanguka. Kisha Machi 24, 1989 meli ya mafuta ya Exxon Valdez ikagonga mwamba wa Bligh, mafuta yakamwagika baharini. Miaka minne baadaye samaki aina ya heringi wakatoweka, na Agosti 1993 wavuvi wakaandamana kwa kuzipanga boti zao kwenye mlango mwembamba wa kuingilia bandari ya mafuta ya Valdez, meli za mafuta zikakwama. Baraza la wazee wa mahakama liliwapa walalamikaji fidia ya adhabu ya dola bilioni 5 mwaka 1994; Mahakama ya Juu ya Marekani ikaipunguza 2008 hadi kama milioni 507. Wengine walikuwa wameshakufa. Mtajie mtu yeyote wa Cordova aliyepita miaka 50 jina la meli ile uone uso wake.

Jioni nilikwenda kusikiliza baraza la mji. Sehemu kubwa ya Alaska haina serikali ya wilaya, na Cordova imo humo, kwa hiyo hakuna ngazi ya kati ya mji na jimbo. Watu 2,600 hivi wanaendesha wenyewe shule, hospitali, bandari na maji. Wanachagua meya na wajumbe saba, kisha wanaajiri meneja wa kushughulikia kazi za kila siku. Fedha? Jimbo hutoza viwanda kodi ya thamani ya samaki, asilimia 3 kwa kiwanda cha nchi kavu, na nusu yake hurudi kwa mji samaki walikochakatwa. Mtoto anayesoma darasani anasomeshwa kwa sehemu na samaki waliopita kwa yule kijana wa sindano. Pale Bagamoyo nilikokulia, mvuvi hulipa ushuru dikoni na hajui umekwenda wapi. Hapa mvuvi alikuwa amekaa mstari wa pili, na karatasi ya bajeti mapajani.

Mjadala ulikuwa juu ya ada za maegesho ya boti. Mama mmoja mwenye viatu vya mpira alisimama akasema bei ya samaki imeshuka, ada isipande. Mwingine akauliza gati litakarabatiwa kwa fedha za nani. Kabla ajenda haijaisha viti vilianza kubaki vitupu. Ufunguzi ulikuwa alfajiri, na foleni ya kujaza mafuta ilikuwa imeshaanza.