Na mwezi wa saba je?

Jamani leo nimelia na kucheka hapohapo mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma tunaposhushia dagaa 😅

Mwaka mzima kikundi chetu cha kina mama wa dagaa tunaandika maombi ya hela kwenye mfuko wa familia moja huko Marekani, yani ni baba, mama na watoto wao ndo wanakaa wanaamua hela iende wapi. Leo asubuhi imeili imeingia. Tumepata!

Ruzuku ya miezi sita. Chanja za kuanikia dagaa na mafunzo, basi. Mshahara hamna, kodi ya ofisi hamna, na kila kitu kiwe na risiti (muuza miti wa Kigoma hii akuandikie risiti, thubutu).

Afu inaanza Novemba mpaka Aprili, kipindi chote cha mvua, dagaa wenyewe hawakauki, jua likija kuwaka vizuri hela imeisha.

Nikawaambia kina mama, vigelegele mpaka wavuvi wakageuka. Bibi mmoja hakupiga. Alikuwa anapepeta mchanga kwenye dagaa zake, akaniuliza taratibu, "Na mwezi wa saba mwanangu?"

Nikajifanya simu inaita.

Nyie wenye vikundi, hela ikiisha huwa mnafanyaje? Niambieni hapo chini 👇