Umemaliza chuo na umepata kazi ya kuuza bima? Soma hii kabla hujasaini

Vijana wengi wakimaliza chuo kazi ya kwanza wanayoipata ni kuuza bima, na wengine wanaichukua wamenuna kwa sababu nyumbani wameambiwa hiyo sio kazi ya msomi. Mi niko kwenye hii kazi na naipenda kweli, kwa hiyo ngoja niongee na anayeanza, hasa vile vitu ambavyo siku ya usaili huwa vinapitwa haraka haraka.

Kwanza hela. Sehemu nyingi wakala hana mshahara, ni kamisheni tu, au kuna kaposho ka miezi ya mwanzo alafu kanaisha. Kwenye bima ya maisha kamisheni kubwa iko mwaka wa kwanza, baada ya hapo inashuka sana. Tuseme mkataba unasema asilimia 40 mwaka wa kwanza na 5 miaka inayofuata, utaiona ile 40 macho yatakutoka, lakini geuza karatasi usome inakuwaje mteja akiacha kulipa mapema, maana kampuni nyingi zinaidai kamisheni irudi. Yaani hela ushaitumia, mteja kakata malipo, mwezi unaofuata inakatwa kwako. Wengi wanaishia hapo. Uliza pia ukiondoka kampuni, kamisheni za wateja uliowaleta anachukua nani. Na ujue unaingia kama nani, sababu wakala anaiwakilisha kampuni ila dalali wa bima anamwakilisha mteja, ni vitu viwili tofauti kabisa. Leseni haina mjadala, nchi nyingi huruhusiwi kuuza bila hiyo, anayekwambia anza tu itakuja baadaye mkimbie.

Alafu kuna orodha ya majina. Utaambiwa andika ndugu, majirani, mliosoma nao. Kuanza na watu wako sio vibaya, ila shangazi akinunua ili akusaidie tu, atalipa miezi michache ataacha, alichotoa kimepotea na kamisheni yako imerudi. Muulize kama unavyomuuliza mtu baki: nani anakutegemea, ukiumwa muda mrefu nyumba inaendeshwa na nani, kipato chako kinaibeba hii premiamu, yaani hela ya kulipia bima, miaka yote? Kama hakiibebi mwambie achukue ndogo au asubiri.

Sasa kwangu mimi kazi yenyewe hasa iko kwenye fomu ya maombi. Mmekaa na mteja, jina sawa, tarehe ya kuzaliwa sawa, mnafika kwenye swali la magonjwa. Anasita. Anakwambia "andika hapana tu, presha yenyewe ya kawaida, dawa nameza siku moja moja". Na wewe tageti ya mwezi bado haijafika, ukiandika ndiyo kampuni inaweza kumtaka vipimo, premiamu ikapanda, au wakamkataa. Andika ndiyo. Jina la dawa, ameanza lini, anatibiwa wapi, vyote. Kwa sababu siku akifariki na familia ikapeleka madai, kampuni ina haki ya kuomba mafaili ya hospitali, na wakikuta dawa ya presha kabla ya tarehe ya fomu wanaweza kukataa kulipa. Hii sio mbinu mpya ya kuwabana watu, jaji Mansfield wa Uingereza aliieleza kwenye kesi ya Carter na Boehm mwaka 1766: anayekata bima ndiye anayezijua habari zake, kampuni inategemea anachosema. Mteja hajui hilo, wewe unalijua, na aliyeshika kalamu mara nyingi ni wewe.

Vitu ambavyo bima hailipi msome pamoja, kwa sauti kabisa, pamoja na muda wa kusubiri kabla bima haijaanza kulipa, kama upo. Mauzo mengine yatakufa hapo hapo mezani, yaache yafe.

Mkishasaini mpe nakala ya fomu, mwonyeshe ana siku ngapi za kughairi na kurudishiwa hela kama mkataba unazo, na siku ngapi za nyongeza akichelewa kulipa. Alafu muulize, yule uliyemwandika mnufaika, yaani wa kulipwa ukifariki, anajua kama hii bima ipo? Wengi watakwambia bado, nitamwambia. Mwombe ampigie sasa hivi mkiwa mmekaa, amtajie jina la kampuni na namba ya mkataba wa bima, na amwambie makaratasi anayaweka wapi.