Mboni za Karafuu

Leo alfajiri, kabla sijawasha taa ya jikoni, nilimwita Karafuu kwa sauti ndogo, naye akageuka akanitazama. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa ya mviringo kama kawaida ya paka gizani. Ile ya kushoto ilikuwa imefunguka upande mmoja tu, na upande wa pili umenyooka kama uliokatwa kwa kisu, hata ikafanana na herufi D. Nimeandika tarehe na umbo hilo katika daftari, kama daktari wa wanyama alivyonielekeza, kisha nikaketi sakafuni kando yake kwa muda mrefu.

Daftari hili nililianza wiki sita zilizopita, lakini ningepaswa kulianza mapema zaidi. Ishara ya kwanza ilikuwa mkojo. Nilikuta doa kwenye msala wangu, mahali ambapo Karafuu hupenda kujikunja baada ya Isha, na siku ya pili nikakuta jingine kitandani. Mkojo wa paka ni najisi, na kufua msala kila siku katika majira ya baridi ya Glasgow, ambako nguo haikauki bila kuanikwa juu ya kipasha joto, kulinichosha. Nilimgombeza. Nilimfungia nje ya chumba changu usiku kucha, akalia mlangoni kwa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake, mrefu na wa chini, nami nikauchukulia kuwa ni ukaidi.

Nilimpigia simu mama yangu aliyeko Wete, nikamlalamikia kwamba paka ananifanyia inda kwa sababu siku hizi nachelewa kurudi kutoka kazini. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, paka hana inda. Ukiona kabadilika, mtazame mwilini kwanza." Usiku huo nilimtazama. Alikuwa amelala fofofo, na mkojo ulikuwa ukimtoka tone kwa tone, ukilowesha manyoya ya mapaja yake, bila yeye kushtuka wala kujua. Sijawahi kuona aibu ya namna ile mbele ya mnyama.

Zahanati walimtoa matone machache ya damu na kuyaweka kwenye kipimo kidogo kinachotafuta protini ya kirusi cha lukemia ya paka. Majibu yalitoka tukiwa bado tumeketi: anacho. Nilipomwokota mtaani akiwa mtoto, alipimwa akaonekana hana kirusi, lakini nilielezwa kwamba kipimo kinaweza kukikosa iwapo paka ameambukizwa karibuni, na kwamba nimrudishe baada ya siku 30 ili apimwe tena. Sikumrudisha. Alikuwa mzima, anakula, anapanda mapazia, nami nikaona yamekwisha.

Jina la ugonjwa huu lilinipotosha. Niliposikia lukemia niliwaza damu peke yake, na kwa kweli kirusi hiki huharibu uboho wa mifupa, huleta upungufu wa damu na hudhoofisha kinga ya mwili. Sikujua kwamba kinaweza pia kufika kwenye mishipa ya fahamu, wala kwamba kilitambuliwa katika mji huu huu ninaoishi: mwaka 1964 William Jarrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow walikiona kwa darubini ya elektroni, katika paka mwenye saratani ya limfoma. Huenea zaidi kwa mate, paka wanapolambana, wanapokula bakuli moja au wanapoumana, na paka mama humwambukiza mtoto wake. Binadamu hakimwambukizi.

Daktari alinieleza jambo la mboni kwa subira, na ndilo lililonifungua macho. Msuli unaobana mboni ya paka huendeshwa na mishipa miwili mifupi ya fahamu, kila mmoja ukihudumia nusu yake. Mmoja ukidhurika, nusu yake hulegea na nusu ya pili huendelea kubana, ndipo D inapotokea. Kwa baadhi ya paka wenye kirusi hiki mboni hubadilika siku hadi siku, leo hii kubwa, kesho ile, na uwezo wa kuona unabaki. Karafuu bado anaufuata uzi ninapouburuta sakafuni, na hukosea tu anapotaka kurukia, kwa sababu miguu ya nyuma haimtii.

Hiyo miguu ndiyo inayonitia hofu zaidi. Huenda ikawa uvimbe wa limfoma umeota ndani ya mfereji wa uti wa mgongo na unaubana, jambo linalowapata hata paka wadogo wakiwa na kirusi hiki. Huenda ikawa ni ugonjwa mwingine uliopata nafasi kinga ilipodhoofika, kama ule wa vimelea viitwavyo toksoplasma, na kwa ajili hiyo alipewa dawa kwa wiki kadhaa, bila nafuu niliyoiona. Huenda pia ikawa kirusi chenyewe kinaula uti wa mgongo polepole. Picha ya kutofautisha haya inahitaji alazwe kwa dawa ya usingizi, na damu yake ni pungufu mno, kwa hiyo daktari hakushauri, nami nilikubaliana naye. Chanjo ipo, lakini humkinga paka ambaye bado hajaambukizwa.

Ngozi ya mgongo wake imekuwa nyepesi kuhisi kiasi kwamba nikipitisha mkono kuelekea mkiani hutetemeka na kugeuka kama aliyechomwa, kwa hiyo sasa namkuna kidevuni na nyuma ya masikio tu. Mara mbili kwa siku namsafisha mapaja kwa maji ya uvuguvugu, namkausha na kumpaka mafuta ya kukinga ngozi isichubuke. Daktari ameshataja sindano ya kumpumzisha milele. Nimemwomba anieleze dalili za maumivu waziwazi, nikaziandika ukurasa wa mwisho wa daftari, na kila jioni nazisoma nikiwa nimemkabili.

Nimemkatia kipande cha blanketi la zamani, nimekitandika pembeni mwa msala, karibu lakini pasipogusana. Jana wakati wa Isha nilimsikia akija, makucha ya nyuma yakikwaruza sakafu kwa kuburutwa, akafika, akajikunja pale. Nilipotoa salamu, kitambaa kilikuwa kimelowa. Nilimtandikia kingine.