Bili ya gesi na gunia la mkaa

Hapa Marekani jana imeingia bili ya Januari ya gesi ya kupashia nyumba joto: dola 287. Nimeisoma mara tatu nikidhani wamenichanganya na jirani. Chumba kimoja na jiko, jamani! Geuzeni wenyewe kwa shilingi, kisha mhesabu magunia ya mkaa. Mama yangu kule Bagamoyo akisikia ataniuliza kama nimefungua kiwanda.

Ningenyamaza, lakini kwenye semina mwenzangu mmoja, mtu mpole kabisa, aliniuliza "watu wenu" wataacha lini kukata miti ya mkaa, maana tabianchi inaharibika. Nje theluji ya magotini, yeye ndani kavaa fulana ya mikono mifupi!

Na hicho ndicho ninachosomea: historia ya mazingira, na jinsi wenye mitaji walivyozoea makaa ya mawe. Naishi Lowell, mji wa jimbo la Massachusetts, kwa sababu kodi ya nyumba Boston haishikiki. Hapa viwanda vya nguo vilianza kwa kuzungushwa na maji ya mto Merrimack. Kule Salem, bandarini, wakajenga kiwanda cha nguo cha mvuke wa makaa ya mawe, Naumkeag, kikaanza kazi 1847. Jora za merikani, kile kitambaa cha pamba, zikapakiwa hapo kwenda Unguja; jina tunalo mpaka leo. Pamba ilivunwa na watumwa wa kusini. Meli zikirudi zilibeba sandarusi, utomvu wa miti ulioganda ardhini, iliyochimbwa Mrima, pwani yetu ya bara, ikageuzwa vanishi ya fanicha zao. Moshi ulikwenda juu, faida ikabaki Salem, sisi tukabaki na mashimo.

Mkaa unamaliza misitu ya Pwani, sikatai, nimeona kwa macho yangu. Ila kuulizwa na mtu anayetoka jasho Februari! Na sikumjibu, ndilo linaloniuma. Nilicheka tu.

Mnaokuja kusoma, posho ya chuo msiihesabu kwa shilingi, itawalevya. Na kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, ulizeni joto analipa nani. Mimi niliuliza habari za intaneti.

Leo jioni kaja mama mmoja Mkenya wa ghorofa ya chini (Lowell Wakenya wamejaa), kashika nailoni na mashine ya kukaushia nywele. Tukaibandika dirishani, akaipuliza moto mpaka ikakaza kama ngoma. Kisha akaitazama bili.

"Mwanangu, wewe ulikuwa unapasha barabara."

Akapunguza joto kwenye swichi ya ukutani, akavua sweta lake, akaniachia.